Uchumi Jamii wa Bukoba na Muleba: Funguo Ziko kwa Nani?

Uchumi jamii ni jina la shughuli zote za uzalishaji, biashara, akiba na huduma zinazoendeshwa na watu waliojiunga kwa hiari, wanaoamua mambo yao kwa kura au kwa makubaliano, na wanaoitanguliza haja ya mwanachama na ya jamii yake kabla ya faida ya mwenye mtaji. Ndani yake wamo wakulima wa chama cha ushirika, wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa, majirani wa chama cha kuzikana, na hata taasisi ya dini inayoendesha hospitali au kulea yatima bila kugawana faida. Shirika la Kazi Duniani lilikubaliana juu ya ufafanuzi wa namna hii Juni 2022, na Aprili 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuzihimiza nchi kuupa uchumi huo nafasi katika mipango yao ya maendeleo. Bukoba na Muleba zilikuwa zimeuishi kwa vizazi kadhaa kabla haujapata jina hilo, na kwa sababu hiyo mwambao huu wa magharibi wa Ziwa Victoria unafaa kutazamwa kwa makini na kila anayetaka kujua uchumi jamii unaweza nini na unakwamishwa na nini. Hoja ya makala haya ni kwamba watu wa huku hawajawahi kupungukiwa na moyo wa kushirikiana. Kilichopungua, kila chombo chao kilipokua, ni uwezo wa mwanachama wa kuhoji hesabu za mali yake mwenyewe.

Msingi wa maisha ya Mhaya, mwenyeji wa mwambao huu, ni kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba, ambamo migomba, mibuni, maharage na miti ya matunda huoteshwa pamoja na kurutubishwa kwa samadi na nyasi zinazoletwa kutoka kwenye rweya, eneo la nyasi nje ya kijiji. Kibanja ni mali ya familia na kwa jicho la ukoo ni amana, lakini tangu zamani kazi yake haikuweza kutenganishwa na majirani. Hata kahawa yenyewe ilikuwa kifungo cha uhusiano kabla ya kuwa bidhaa: punje zilizochemshwa na kukaushwa zilitafunwa, mgeni alikaribishwa kwazo, na watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili za tunda moja la kahawa zikiwa zimepakwa damu yao. Ukoloni ulilichukua zao hilo ukaligeuza kuwa chanzo cha fedha za kodi, karo na mabati, na tangu hapo swali la nani anaikusanya kahawa, nani anaiuza na nani anashika fedha zake limekuwa ndilo swali kubwa la siasa na la uchumi wa Bukoba.

Kabla ya kufika kwenye kahawa, inafaa kuanza na kifo, kwa kuwa hapo ndipo uchumi jamii wa Kagera, mkoa zilimo Bukoba na Muleba, unapoonekana ukiwa katika umbo lake kamili. Karibu kila kijiji kina vyama vya kuzikana, ambavyo baadhi yake huitwa bujuni, neno la Kihaya linalohusiana na kitenzi okujuna, yaani kusaidia. Mwanachama akifiwa, wenzake hufika na kuni, ndizi, maharage na maji, huchimba kaburi, huwapikia waombolezaji, na hutoa kiasi cha fedha kilichokwisha kupangwa. Mtu asiyevijua vyama hivi anaweza kudhani kwamba ni desturi tu za ujirani zinazofuatwa bila utaratibu, lakini vingi vina katiba iliyoandikwa, orodha ya wanachama, viwango vya michango vinavyojulikana, faini kwa anayechelewa au asiyefika msibani, na mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanaochaguliwa. Hii ni bima katika maana yake kamili, inayoendeshwa bila ofisi wala mshahara, na gharama ya kuisimamia ni ndogo mno kwa sababu kila anayechangia anamwona kwa macho anayepokea, na anajua kwamba zamu yake itafika.

Katika mwaka 2000 kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, kilifanyiwa utafiti uliokuja kujulikana sana miongoni mwa wanauchumi wa dunia, kwa sababu kaya zake zote 119 ziliulizwa kila moja ni nani wanaotegemeana nao wakati wa shida. Mtafiti Joachim De Weerdt na wenzake walichora kutokana na majibu hayo ramani ya nyuzi za kusaidiana zinazokiunganisha kijiji kizima, na wakaonyesha kwamba nyuzi hizo hufuata undugu, ukaribu wa nyumba, dini, ukoo na hali ya mali. Jambo moja katika matokeo hayo linapaswa kuwasumbua wote wanaousifu mshikamano wa kijijini bila kuuchunguza: kaya maskini zilikuwa na nyuzi chache kuliko kaya zenye uwezo. Mjane asiye na kitu hana cha kurudisha, na kwa kuwa kusaidiana kunasimama juu ya matumaini ya kurudishiana, yule anayehitaji msaada zaidi ndiye mwenye watu wachache wa kumwendea. Uchumi jamii unapunguza ukali wa umaskini, lakini ukiachwa peke yake haumfikii kila maskini.

Pembeni mwa vyama vya kuzikana vimeota vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Watanzania wengi huviita kwa jina la jumla VICOBA, yaani benki za jamii za vijijini. Wanachama hukutana kwa kawaida mara moja kwa wiki, hununua hisa za kiwango walichokubaliana, hukopeshana kutoka katika mfuko huo, hutenga fungu la jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na mwisho wa mzunguko hugawana akiba na faida kulingana na hisa za kila mmoja. Fedha huhifadhiwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu tofauti ambao si lazima wapendane, na sanduku hufunguliwa mbele ya mkutano tu, fedha zikahesabiwa kwa sauti ili kila aliyepo asikie. Sanduku hilo ni rahisi kutengeneza kwa fundi yeyote wa kuchomelea, lakini kanuni iliyomo ndani yake ndiyo ambayo vyombo vikubwa vya ushirika vimeshindwa kuilinda kwa karibu karne nzima.

Nguvu ya chama kidogo ina mpaka, na Kagera iliujua mpaka huo kwa uchungu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Muleba, na katika miaka iliyofuata vifo viliongezeka kwa kiasi ambacho hakuna utaratibu wa kuzikana ulioundwa kukibeba. Bima yoyote inategemea kwamba anayefiwa leo atasaidiwa na wengi ambao hawakufiwa. Pale misiba inapokuja mfululizo katika nyumba zilizo jirani, mchangiaji na mhitaji huwa mtu yule yule. Kwamba vyama vya kuzikana havikufa katika kipindi hicho, bali vilibadili viwango, vikafupisha siku za matanga na vikaendelea, ni ushahidi wa uhai wao ambao haujapewa uzito unaostahili katika historia ya nchi. Hata hivyo, kazi ya kulea maelfu ya yatima ilivuka uwezo wao, na hapo zikaingia taasisi za aina nyingine za uchumi huo huo: makanisa na hospitali zao, shirika la Kolping lenye makao yake Bukoba, na mashirika yaliyoanzia Nshamba, Muleba, likiwemo Humuliza, ambalo jina lake ni la Kihaya na maana yake ni kufariji, pamoja na chama cha vijana yatima wenyewe kilichoitwa Vijana Simama Imara.

Nshamba hiyo hiyo ndiko ulikoanzia mwaka 2003 mradi wa Kwa Wazee, unaowapa wazee, hasa akina bibi waliobakiwa na wajukuu, pensheni ndogo ya kila mwezi bila kuwapangia matumizi. Mradi huu unastahili kukumbukwa kwa sababu mbili. Kwanza, ulionyesha kwamba bibi anayepewa fedha taslimu huzitumia kwa chakula, sabuni, madaftari na hata akiba, kinyume na hofu ya wale wanaoamini kwamba maskini hawezi kuaminiwa kwa fedha. Pili, wazee waliopokea pensheni walijiunga katika vikundi vya kusaidiana, na kwa hiyo mtu ambaye utafiti wa Nyakatoke ungemhesabu kuwa hana nyuzi alipata kitu cha kuingilia nacho katika mzunguko wa kupeana. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70. Tanzania Bara haijafika huko, na ni vigumu kuona sababu ya haki inayoweza kuelezwa kwa bibi wa Muleba.

Tetemeko la ardhi la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu wasiopungua 17 na kuharibu maelfu ya nyumba, liliuonyesha mpaka wa nguvu ya chama kidogo kwa namna nyingine. Majirani walichimbua vifusi na kulaza familia zisizo zao, michango ikaja kutoka kila pembe ya nchi, lakini mwanzoni mwa 2017 Serikali ilieleza wazi kwamba haitamjengea kila mwananchi nyumba na kwamba kipaumbele ni miundombinu ya umma, na hivyo wengi walijenga upya kwa akiba za vikundi, kwa misaada ya ndugu walioko mijini na kwa mikopo. Kijiji kizima kinapoangukiwa na kuta kwa dakika moja, kijiji hicho hakiwezi kujikatia bima chenyewe. Kinachohitajika ni chombo kinachounganisha vijiji vingi, chenye mtaji na chenye sauti, na kwa Bukoba chombo hicho kilipaswa kuwa ushirika wa kahawa.

Historia ya ushirika huo ni ya kujivunia na ya kusikitisha kwa pamoja. Mwaka 1924 Wahaya waliosoma walianzisha Bukoba Bahaya Union, na katika miaka ya 1930 wakulima wakiongozwa na watu kama Clemens Kiiza walijaribu kujenga chama chao cha wakulima ili wasibaki chini ya wanunuzi wa kati, jambo ambalo utawala wa kikoloni haukulipokea kwa moyo mweupe. Mwaka 1937 kukazuka machafuko ya kupinga kanuni za kilimo cha kahawa zilizowalazimisha watu namna ya kutunza vibanja vyao. Wakati Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kilichosajiliwa tangu 1933 chini ya sheria ya ushirika ya mwaka uliotangulia, Bukoba ilisubiri hadi 1950 ndipo Bukoba Native Cooperative Union, yaani BNCU, ilipoundwa. Katika muda wa miaka kumi hivi ilikusanya kahawa ya vyama vya msingi vingi na kukuza viongozi, akiwemo George Kahama, aliyekuwa meneja wake kabla ya kuingia katika Baraza la Mawaziri la Tanganyika.

Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, ununuzi wa mazao ukapewa mamlaka za mazao na vijiji vikafanywa kuwa wakala wao, na mali iliyojengwa kwa makato ya kilo za wakulima ikahama bila wenyewe kupigiwa kura. Sheria ya 1982 ilivirudisha, na vikaanza tena kazi mwaka 1984, lakini kinachorudishwa kwa amri hakifanani na kilichozaliwa kwa hiari. Mwanachama alikuwa amejifunza kwamba chama ni cha Serikali, kwamba kinaweza kuondolewa na kurejeshwa akiwa shambani, na kwamba madeni yake yakizidi yatafutwa na Hazina. Somo hilo lilipandwa katika miaka minane na limekuwa likivunwa kwa miongo minne. Kagera Cooperative Union, mrithi wa BNCU, ambayo baada ya Karagwe kujitenga inajulikana kama KCU (1990), iliendelea kuhudumia wakulima wa Bukoba, Muleba na eneo ambalo baadaye lilikuwa Wilaya ya Missenyi, ikikutana na soko ambalo bei yake ilikuwa imeporomoka baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, na kuanzia katikati ya miaka ya 1990 ikashindana na wanunuzi binafsi walioruhusiwa kununua kahawa vijijini.

Katika mazingira hayo magumu KCU ilifanya jambo ambalo linapaswa kufundishwa katika kila chuo cha ushirika. Ilikuwa miongoni mwa vyama vya mwanzo barani Afrika kuuza kahawa katika mfumo wa Fairtrade, yaani biashara ya haki, ambamo mnunuzi hulipa bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani na kuongeza fungu maalumu ambalo wakulima wenyewe huamua litumikeje. Sehemu ya fungu hilo ilitumika kununua hisa katika TANICA, kiwanda cha mjini Bukoba kinachotengeneza kahawa ya unga inayoyeyuka papo hapo. Ingekuwa rahisi kugawana fedha hizo, na katika mwaka wa bei mbaya hakuna ambaye angemlaumu mjumbe aliyepiga kura ya kugawana. Kuchagua kiwanda kulimaanisha kwamba mkulima wa robusta, ambaye kwa kawaida thamani ya zao lake huongezwa Ulaya, alikuwa na sehemu ya umiliki katika mashine iliyo umbali wa safari moja ya daladala kutoka kibanjani kwake. Udhaifu wa jambo hili ni ule ule wa siku zote: mkulima wa kawaida wa Muleba hajui hisa hizo zinamwingizia nini, kwa kuwa gawio likiwepo huingia katika hesabu za chama kikuu na haliteremki hadi kwenye risiti anayopewa anapopima kahawa.

Risiti hiyo ndiyo inayofungua mlango wa tatizo kubwa kuliko yote. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka, wakati mahitaji makali ya fedha huja Januari na miezi inayofuata, shule zinapofunguliwa na chakula kinapopungua. Ada ya sekondari za umma imeondolewa, lakini sare, madaftari, michango na nauli havikuondolewa, na ugonjwa haufuati msimu wa mavuno. Mkulima asiye na pa kukopa huuza kahawa yake ikiwa bado maua au matunda mabichi mtini kwa bei ya chini sana, na desturi hiyo, inayoitwa butura, humfanya aliyelima aivune kahawa kwa niaba ya mwenye fedha. Viongozi wa mkoa na wa wilaya wamekuwa wakiipiga marufuku mwaka baada ya mwaka. Marufuku hayo hayajaiondoa kwa sababu yanamwadhibu mtu kwa kukosa mkopo bila kumpa mkopo, na kwa sababu anayenunua butura humlipa mkulima siku ile ile, ilhali chama kimekuwa kikimlipa malipo ya awali, kikamwahidi malipo ya pili, na malipo ya pili yakachelewa hadi msimu mwingine. Njia nyingine ya mkulima aliyebanwa ni kuivusha kahawa kwenda Uganda, ambako bei mara nyingi imekuwa juu, na kahawa ya magendo inayovuka mpaka usiku ni kura ya kutokuwa na imani ambayo haihesabiwi katika mkutano mkuu wowote.

Kulikuwa na jaribio la kulijaza pengo hilo. Kagera Farmers' Cooperative Bank ilikuwa benki ya ushirika iliyokusudiwa kuwa karibu na mkulima na kuutambua msimu wake. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni pamoja na benki nyingine nne kwa kukosa mtaji wa kutosha, na wenye amana wakaelekezwa kwenye Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati huo kiwango chake cha juu cha fidia kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa kila mwenye amana. Uamuzi wa kulinda amana za umma ulikuwa wa lazima, lakini madhara yake kwa uchumi jamii yalizidi hasara ya fedha, kwa maana watu waliokuwa wamehimizwa kwa miaka waweke akiba katika chombo chao wenyewe walijifunza kwa mara nyingine kwamba chombo hicho kinaweza kufungwa bila wao kujua kwamba kilikuwa mgonjwa. Benki haifi kwa siku moja. Upungufu wa mtaji huonekana katika mizania miaka kadhaa kabla, na kama mizania hiyo ingesomwa kwa lugha inayoeleweka katika mikutano ya vyama vya msingi vyenye hisa, kelele zingepigwa mapema.

Mwaka huo huo wa 2018 Serikali iliagiza kahawa yote ikusanywe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, maarufu kama AMCOS, na wanunuzi binafsi wakazuiwa kwenda kwa mkulima moja kwa moja. Nia ilikuwa njema, kwani ililenga kumaliza butura na kumpa mkulima bei ya soko, na katika misimu ya karibuni minada ya kahawa ya maganda imesogezwa hadi karibu na mkulima mwenyewe, hatua ambayo imeongeza uwazi wa bei kuliko hotuba nyingi zilizotangulia. Hata hivyo, kuna hitilafu ya msingi katika kumlazimisha mtu kupitia chama ambacho kwa tafsiri yake ni cha hiari. Chama kilichohakikishiwa kahawa yote ya kijiji hakina haja ya kumbembeleza mwanachama kwa kulipa mapema au kwa kupima vizuri, na mwanachama asiye na mahali pengine pa kwenda hana njia ya kuonyesha kutoridhika ila kuvuka mpaka. Bei ya robusta katika soko la dunia ilipopanda mwaka 2024 hadi kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kwa miongo mingi, manung'uniko yalipungua, na ni jambo la kawaida kwamba bei nzuri hufunika udhaifu wa chombo kinachouza. Bei itashuka, kama ilivyoshuka baada ya 1989, na ndipo itakapojulikana kama miaka ya neema ilitumika kujenga akiba na uaminifu au ilipita tu.

Mzizi mwingine wa udhaifu haumo katika ofisi za ushirika kabisa, umo katika ardhi. Uanachama wa chama cha kahawa hufuata mibuni, mibuni hufuata kibanja, na kibanja kwa mila ya Kihaya kimerithiwa na wanaume, mwanamke akipewa haki ya kukitumia maisha yake tu bila kukiuza. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri lililotoka Kagera, aliamua kwamba kanuni ya mila inayomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi aliyorithi inakiuka Katiba, na hukumu hiyo imekuwa ikitajwa katika mahakama za nchi nyingi tangu hapo. Mahakama imesema, lakini leja za vyama vya msingi zimekuwa nzito kusikia. Mwanamke anayepalilia, kuchuma, kuanika na kubeba kahawa hadi ghalani hupima kwa jina la mumewe, fedha hulipwa kwa jina hilo, na katika mkutano mkuu anayepiga kura ni huyo huyo mwenye jina. Wakati huo huo, vikundi vya akiba vya wilaya hizi vinaendeshwa kwa sehemu kubwa na wanawake, ambao hukopa na kurejesha kwa nidhamu inayojulikana na kila mtu. Ushirika wa kahawa umewaacha nje watu walewale ambao wamethibitisha kwamba wanaweza kushika funguo.

Vijana nao wamechagua barabara. Utafiti mrefu wa kaya za Kagera ulioanza mwaka 1991 ukihusisha kaya zaidi ya 900, na kuendelea kuwafuatilia watu wale wale hadi 2004 na 2010, ulionyesha kwamba waliohama kutoka kijijini waliongeza matumizi yao, yaani hali yao ya maisha, kwa kiasi kikubwa kuliko ndugu zao waliobaki. Hakuna anayeweza kumlaumu kijana kwa kuliona lililothibitishwa na takwimu. Kibanja kinachogawanywa kati ya wana watano hakimtoshi hata mmoja, na mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioingia mkoani katikati ya miaka ya 2000, umewavunja moyo wengi zaidi. Waliohama bado wako katika uchumi jamii kwa upande mmoja, kwa kuwa vyama vya wazawa wa Kagera walioko Dar es Salaam na Mwanza husafirisha miili, huchangia shule na hukarabati zahanati za nyumbani. Kinachokosekana ni njia ya fedha hizo kuingia katika uzalishaji, si katika misiba na majengo peke yake.

Upande wa sheria, uchumi jamii wa Tanzania hauna nyumba moja. Vyama vya ushirika viko chini ya sheria ya 2013 na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo Mrajis wake ana mamlaka makubwa juu ya bodi na chaguzi. Mashirika yasiyo ya kiserikali yana sheria yao ya 2002. Na vikundi vya akiba vimewekwa na sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 katika daraja la nne, vikitakiwa kujisajili. Usajili huo una faida yake katika zama hizi za mikopo ya kausha damu, ile yenye riba inayomla mkopaji akiwa hai. Kasoro ni kwamba kila sheria inakitazama chombo kimoja na hakuna anayeutazama uhusiano wao, kiasi kwamba chama cha kuzikana, kikundi cha akiba na AMCOS ya kijiji kimoja, ambavyo wanachama wake ni watu wale wale, vinaonekana serikalini kama viumbe vitatu visivyojuana. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro zilizobainishwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, vikiwemo vikundi hewa, ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Kikundi hewa huzaliwa pale fedha zinapotangulia mshikamano. Kikundi kilichokaa miaka kumi kikizikana hakiwezi kuwa hewa, lakini hakuna fomu inayouliza kuhusu miaka hiyo.

Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma Aprili 2025, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa wa kimataifa wa vyama vya ushirika, na kwa wakulima wa Bukoba na Muleba, wenye kumbukumbu ya Januari 2018, uzinduzi huo umeleta matumaini yaliyochanganyika na tahadhari. Kipimo chake kwao ni chepesi kukieleza: je, itaweza kumkopesha mkulima kati ya Januari na Aprili, kwa dhamana ya kahawa iliyo mtini na ya jina lake katika kikundi cha akiba, kiasi kinachotosha kumzuia asiuze maua? Ikiweza, butura itakosa wateja bila askari hata mmoja kutumwa kijijini. Kazi inayobaki haihitaji benki wala sheria mpya, nayo ni ya vyama vya msingi vyenyewe na chama chao kikuu: kuandika katika leja jina la mwanamke anayelima sambamba na la mumewe, kumpa kura, na kubandika ukutani mwa ghala, kabla msimu haujafungwa, karatasi moja kwa Kiswahili chepesi inayoonyesha kilo zilizokusanywa, bei ya mnada, kila kato na aliyelichukua, gawio lililotoka TANICA kama lipo, na tarehe ambayo malipo ya pili yatatolewa.